Maiti Aliyeinuka Kumsalimu Mkwe

Filamu ninayoipenda kuliko zote sijawahi kuiona, na sasa najua sitaiona. Nasema hivyo mimi ambaye kazi yangu ilikuwa filamu. Miaka mitatu nilikaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya kibanda cha video pale Mwanga, kipaza sauti mkononi, nikiwasemea Wachina na Wahindi kwa Kiswahili. Mtu akipigwa ngumi kwenye skrini, mimi ndiye niliyesema "Uwii, mama yangu!" Binti akiachwa, mimi ndiye niliyelia. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, tena cha wale waliokaa nyuma, na Kichina sijui hata salamu. Lakini watu walikuwa wanauliza mlangoni, "Leo anatafsiri nani?" na wakisikia ni mimi, wanaingia.

Kazi ile sikufundishwa kibandani. Nilifundishwa na bibi yangu, mama yake baba, juu ya mkeka, uani kwake Ujiji, na filamu aliyonifundishia haipo popote duniani.

Ilikuwa filamu ya vita, ya zamani zile ambapo picha zilikuwa zinatembea lakini hazijajifunza kusema. Bibi mwenyewe hakuiona, hakuwa amezaliwa. Aliyeiona ni mama yake, naye alimsimulia bibi mara nyingi kiasi kwamba bibi alijua hata mbwa alipita upande gani. Bibi alikuwa akichambua dagaa, mimi na dada yangu tumekaa mbele yake, na hadithi inaanza bila kuombwa. Mkono wake mmoja ulikuwa ni jeshi, ungo wa dagaa ndio ziwa.

Vita yenyewe, ile ya Wajerumani na Wabelgiji, iliwakuta wazee wetu hawana ugomvi na yeyote kati ya hao. Baba yake bibi alichukuliwa kijana kabisa akabebeshwa mizigo. Alibeba masanduku ya risasi kutoka hapa ziwani mpaka Tabora na mbele ya Tabora, kwenye sehemu ambazo hakupenda kuzitaja, akarudi bega moja limeshuka. Akapumzika, akalima, akaoa. Miaka ikapita. Ndipo wakaja Wazungu wengine. Hawa hawakuwa na bunduki, walikuwa na sanduku lenye miguu mitatu, na walitaka vita ile ipiganwe tena, kidogo tu, ili waipige picha.

"Wakawaita wapagazi wa zamani," bibi alikuwa akisema, "wakawauliza, jamani, nani kati yenu anaweza kufa vizuri?"

Hapo mimi na dada tulikuwa tunanyoosha mikono.

"Na baba yangu akasema, kubeba nimeshabeba. Safari hii nipeni kazi ya kulala."

Basi akapewa umaiti. Wakaenda Bangwe, pale mteremko unaposhukia ziwani, wakalazwa wanaume kama ishirini hivi, huyu mguu juu ya jiwe, yule mdomo wazi, na baba yake bibi katikati, chali, mikono huku na huku, shuka limepanda magotini kwa sababu Mzungu alisema maiti haoni haya. Sanduku likaanza kuzungushwa mpini. Moshi ukawashwa. Vita ikanoga.

Sasa, njia ya kutoka mashambani ilipita papo hapo, na hakuna aliyekumbuka kuifunga. Akatokea mama mmoja na kikapu cha mihogo kichwani. Alikuwa mkwe wa baba yake bibi, mama mzazi wa mke wake. Akaona wanaume wamelala wamekufa. Akamwona na mume wa binti yake. Kikapu kikaanguka, mihogo ikabingirika, na mama akashika kichwa.

Msomaji asiyetoka kwetu lazima nimweleze jambo moja. Muha hana salamu fupi. Ukikutana na mkubwa wako unainama, unapiga makofi taratibu, unaulizwa habari za nyumbani na za shamba na za mgonjwa na za mbuzi, na hupiti mpaka umejibu zote. Na mbele ya mkwe ndiyo kabisa. Mwanaume hajinyooshi chali mbele ya mama wa mke wake, magoti wazi, hata akiwa na homa. Anainuka, anakaa pembeni, anateremsha macho.

Baba yake bibi alikuwa amekufa, sawa, lakini hakuwa amekosa adabu kiasi hicho.

"Akainuka!" Bibi anaachia dagaa. "Akashusha shuka, akachuchumaa pembeni, akapiga makofi, pa, pa, pa. Mwakeye, mama!"

Na haikuishia hapo. Maiti wa pembeni akafungua jicho, akaona mama mtu mzima amesimama na mwenzake anamsalimia. Naye aonekane hana malezi? Akainuka. Wa tatu akainuka. Uwanja mzima wa vita ukainuka, majeshi yote mawili, wakachuchumaa wakampigia makofi mama mwenye mihogo. Mzungu mmoja alikuwa anaruka kama amekanyaga siafu. Yule wa kwenye sanduku, bibi alisema, alisahau kuacha kuzungusha.

Miezi ikapita, filamu ikaletwa Ujiji, ikaoneshwa mara moja, kwenye shuka jeupe lililofungwa kati ya michikichi miwili. Watu walitazama vita kwa heshima mpaka ilipofika pale Bangwe. Maiti akainuka. Wenye kujua wakapiga kelele, "Rudisha! Rudisha!" Mwenye mashine hakuelewa kwa nini watu wanacheka kwenye mambo ya kifo. Kesho yake filamu ikapanda garimoshi na wenyewe, isionekane tena.

Baba yake bibi alifariki bibi akiwa bado hajaanza kutembea. Picha nyingine hakupigwa. Na mama yake bibi, kila alipokuwa anamlilia mumewe, alikuwa anajifuta uso kwa kanga na kusema, "Huyu wa kaburini alilala mara moja. Yule wa kwenye shuka bado anainuka huko aliko."

Mimi niliikulia hadithi hiyo kama wengine wanavyokulia nyimbo. Nilipopewa kipaza sauti kibandani kwa mara ya kwanza, nilifanya tu alivyokuwa akifanya bibi.

Kisha macho ya bibi yakaanza kuondoka. Alikuwa anamimina chai nje ya kikombe, anausalimia mlango. Nikampeleka hospitali, daktari akasema ni presha ya macho, kilichokwenda kimekwenda, dawa ni ya kuchunga kilichobaki, na kilichobaki si kikubwa. Jicho la kulia lilikuwa limefunga. La kushoto lilikuwa na dirisha dogo katikati, kama unachungulia kwenye tundu la mlango.

Tulirudi na bajaji. Tulikuwa tumeshaipita njia ya Mwanga.

"Mume wangu," akaniita. Bibi zetu ndivyo walivyo na wajukuu wa kiume.

"Naam, mke wangu."

"Wewe si mtu wa filamu?"

"Ndiyo mimi."

"Basi nitafutie ile. Sijawahi kuuona uso wa baba yangu. Nataka nimwone akiinuka, mara moja tu. Halafu haya macho yaende salama, sitayadai."

Mimi ni mtu wa kuahidi haraka. Nikamwambia, "Mke wangu, umeshaiona hiyo. Siku hizi kila kitu kipo kwenye simu."

Dada yangu, ambaye ni fundi cherehani pale sokoni Mwanga, aliposikia alivua miwani yake ya kushonea akanitazama. "Umemwahidi bibi filamu ya zama za babu wa babu? Wewe hata chaja yako huwa huioni ikiwa shingoni."

"Nitaipata."

"Una jina lake?"

Sikuwa na jina lake.

Nilitafuta. Bando langu lote la miezi ile liliishia huko. Kila mchana kabla kibanda hakijafunguliwa nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki nikiangalia vita za watu bubu: askari wanakimbia mbio zisizo za kawaida, farasi, moshi, midomo inasema maneno usiyoyasikia. Niliwapenda. Nilijikuta nawatafsiria peke yangu kwenye benchi tupu. Lakini Bangwe haikuwemo.

Nikapata anwani ya nyumba moja ya ng'ambo wanakohifadhi filamu za kale. Nikawaandikia Kiswahili, simu ikageuza Kiingereza. Niliwaeleza mteremko, moshi, mama na mihogo, na maiti ishirini wenye adabu. Sikutegemea jibu. Lilikuja baada ya wiki tatu, barua ndefu, ya heshima. Walisema huenda ni filamu iliyotajwa kwenye orodha zao, ya vita ya Afrika, lakini nakala yake haipo kwao wala popote wanapopajua. Utepe wa enzi zile ulikuwa unaoza, au unashika moto wenyewe kwenye kopo. Imepotea. Na wakauliza kama familia yetu ina kumbukumbu zaidi, maana hakuna mtu mwingine aliyewahi kuwaandikia kwamba aliijua.

Niliisoma mara nne. Nilijisikia kama nimefiwa na mtu niliyekuwa nimemwacha hai asubuhi.

Sasa naandika jambo ambalo sijivunii. Bibi kila siku alikuwa anauliza, "Imefika?" kama vile ipo njiani na meli. Na lile dirisha la jicho la kushoto lilikuwa linapungua, nilikuwa naona jinsi alivyogeuza shingo kunitafuta. Nikakumbuka kuwa kwenye zile filamu bubu kulikuwa na kipande kimoja chenye wapagazi weusi, kando ya mto, baada ya mapigano. Watu wamelala. Mmoja yuko chali katikati, shuka limepanda magotini. Nani angejua? Nilikuwa nimewasemea watu nisiowajua miaka mitatu. Ningeshindwaje kumpa mtu mmoja asiyejulikana jina la babu?

Nikaenda Ujiji baada ya Adhuhuri. Nikamkalisha bibi kwenye mkeka, nikaiweka simu karibu kabisa na jicho lake la kushoto.

"Huyu hapa, bibi. Huyu wa katikati. Ndiye baba."

Bibi alishika simu kwa mikono yote miwili. Akatazama. Nilimsikia anavuta pumzi kupitia puani. Kwenye kioo watu wa mtoni walikuwa wamelala, maji yanapita, na mwanamke mmoja mwenye mtungi akatokea upande wa kushoto, akatembea taratibu kati yao, akatoka upande wa kulia. Kipande kikaisha.

"Rudisha," bibi akasema.

Nikarudisha. Akatazama tena yote. Kisha akanirudishia simu.

"Huyu si yeye."

"Bibi, umejuaje? Uso wenyewe haujawahi—"

"Mama mtu mzima kapita hapo na mtungi wake, na huyu kalala tu na magoti yake. Baba yangu hakuwa mtu wa hivyo."

Nikaigeuza simu kioo chini. Mimi, ambaye naweza kumsemea hata farasi.

"Mume wangu," akasema, na sauti haikuwa ya ukali, ndiyo maana iliniuma. "Imepotea, siyo?"

Nikalia. Nikamwambia yote, barua na kopo na moto. Akanisubiri nimalize, akanipapasa kichwa akakosea akapapasa sikio.

"Ulitaka kunipa baba wa mtu," akasema. "Na mtoto wa huyo naye anamtafuta." Nilipoinua uso niliona anacheka kidogo, kile kicheko chake cha upande mmoja. "Lakini wewe si mtu wa filamu? Bangwe si ipo? Mihogo si ipo? Na mimi njia ile naijua. Tuitengeneze."

"Nani atakuwa baba?"

"Una pengo la juu, kama lake. Mama aliniambia alikuwa na pengo, akicheka linaonekana kabla yake. Usilizibe."

Jumamosi asubuhi tukaenda, bibi, dada na mimi, bajaji moja, kikapu cha mihogo katikati yetu. Bibi alikuwa amejifunga kanga mbili na kujipaka mafuta usoni, maana siku hiyo alikuwa bibi yake mwenyewe, mama mkwe, na mama mkwe hatoki ovyo. Dada alikuwa mtu wa kamera. Alikuwa amenuna kwa ajili ya gauni la harusi aliloliacha nusu, lakini alikuwa ameshona bure shuka langu la kufia.

Pale Bangwe akina mama walikuwa wanaanika dagaa mchangani. Nikachagua mahali kwenye mteremko, nikalala chali, mikono huku na huku, nikapandisha shuka magotini. Jua lilikuwa bado jipya. Ziwa lilikuwa linapumua chini yangu, na ng'ambo milima ya Kongo ilikuwa kama moshi tu. Nikafa.

"Nyie!" Mama mmoja wa dagaa akaita. "Huyo kijana kaanguka kifafa?"

"Anacheza, mama," dada akajibu.

"Anacheza nini na jua hili?"

"Anacheza kufa."

"Astaghafirullah! Mwenzako anakufa, wewe unapiga picha? Vijana wa siku hizi!" Na kabla sijafungua jicho nikamwagiwa ndoo nzima ya maji ya ziwa. Wakaja watatu, mmoja ananivuta miguu, mwingine ananipepea na ungo wa dagaa. Ikabidi dada aeleze hadithi yote, kuanzia Mjerumani. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Yule wa ndoo akasema, "Basi mngesema. Tungewapa na maiti wengine, mume wangu yuko nyumbani amelala mpaka sasa."

Tukaanza upya. Bibi akaja na kikapu chake kichwani, anapapasa njia kwa miguu. Nilipomwona anayumba nikaruka juu.

"Maiti gani una haraka hivyo?" akafoka. "Hata sijakuona! Rudi ukafe."

Nikarudi nikafa. Nikafunga macho kweli. Nikasikia dagaa wanageuzwa, nikasikia hatua, taratibu, moja, nyingine, zikasimama. Kikapu kikaanguka. Muhogo mmoja ukaja ukanigonga mbavuni.

Na hapo, sijui nielezeje, sikuinuka kwa sababu ya filamu. Niliinuka kwa sababu mtu mzima alikuwa amesimama mbele yangu na mimi nimelala magoti wazi. Mwili ulinyanyuka wenyewe. Nikashusha shuka, nikachuchumaa pembeni, nikapiga makofi.

"Mwakeye, mama."

Bibi alishika kichwa, kisha akakiachia. Akasogea. Akainama, akauleta uso wake karibu na wangu, akageuza shingo mpaka lile dirisha dogo la jicho la kushoto likanipata. Akanitazama kwa muda mrefu. Nilitaka kuteremsha macho kama inavyotakiwa mbele ya mkwe, nikashindwa. Nikacheka kidogo, kwa aibu, pengo likaonekana.

Akaanza kunisalimia. Zote. Habari za nyumbani. Nikasema njema. Habari za shamba, mihogo imekubali? Imekubali, mama. Mbuzi je? Wapo. Bega je, bado linauma? Linauma kidogo, mama, wakati wa mvua. Sikuwa nimepanga kusema hivyo.

Kisha akauliza, kwa sauti ndogo kuliko zote, "Na yule mtoto wako wa mwisho, wa kike. Ulimwacha mdogo. Umemwona?"

Miaka mitatu ya kipaza sauti, na hilo ndilo swali pekee la kweli nililowahi kuulizwa na mtu wa kwenye filamu.

"Nimemwona, mama," nikasema. "Amekua. Amezeeka vizuri. Ana wajukuu wakorofi."

Bibi akatikisa kichwa mara nyingi. Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Akina mama wa dagaa walikuwa wameacha kazi yao. Akaokota kikapu chake, nikamsaidia kurudisha mihogo, akajitwika, akajiweka sawa.

"Haya, mwanangu," akasema. "Lala tena. Kazi za watu zisiharibike."

Nikalala. Akapita.

Nilipofungua macho dada alikuwa anavuta makamasi, simu imening'inia mkononi kama samaki. Tukaangalia. Alikuwa ameanza kulia pale kwenye mbuzi, na tangu kabla ya hapo, akitutazama sisi badala ya kioo, alikuwa amepiga mchanga. Dakika tano za mchanga, ncha ya kanga, kidole cha mguu wangu, na muhogo mmoja. Uso haumo. Wa bibi haumo, wangu haumo.

"Nimeipoteza tena," dada akasema, akalia upya.

Bibi akauliza, "Sauti zipo?"

Sauti zilikuwepo zote. Kikapu kikianguka, makofi, pa, pa, pa, salamu kutoka mwanzo hadi mwisho, ziwa nyuma yake, na mama mmoja akipiga chafya.

Siku hizi sitafsiri tena, kibanda kilifungwa, watu wana simu zao. Nauza vifaa vya simu Mwandiga na bado naota mambo makubwa, msinicheke. Lile dirisha dogo lilifunga kabla ya mfungo uliofuata. Nikienda Ujiji bibi ananijua kwa hatua, ananisogezea mkeka, anasema, "Mume wangu, weka ile yetu." Naweka simu karibu na sikio lake kama nilivyoiweka karibu na jicho. Kikapu kinapoanguka anakaa sawa, anavuta kanga vizuri, na makofi yanapoanza anainamisha kichwa kuyapokea. Ikifika mwisho, wakati sauti yake mwenyewe inaniambia nilale tena, anasema kila mara, "Rudisha."

Nami narudisha, baba yake anainuka.